Jai Bhim: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ile muvi ya Kitamil ya mtu aliyepotelea mikononi mwa polisi

Kila nikimwambia mtu aangalie hii muvi ananirudishia maswali yale yale, na walioiona tayari nao wana ya kwao, sasa nimeyakusanya yote nijibu mara moja. Mwisho wa muvi nimeutaja humu, kama hujaiona na hutaki kusimuliwa soma maswali matatu ya kwanza tu, mengine utayarudia ukishamaliza.

Kwa kifupi inahusu nini?

Ni miaka ya 90, kijijini Tamil Nadu, kusini kabisa mwa India. Dhahabu imeibiwa kwenye nyumba ya mkubwa wa kijiji. Siku chache kabla ya hapo kijana mmoja anaitwa Rajakannu, kazi yake kukamata nyoka na panya na kufanya vibarua, aliitwa kwenye nyumba hiyo hiyo kutoa nyoka aliyeingia ndani. Basi, mwizi keshapatikana, hakuna cha uchunguzi wala nini. Polisi wanakwenda kwake wanamkosa, kaenda mbali kutafuta kibarua kwenye matanuri ya matofali, wanambeba mkewe Sengeni na mimba yake, wanabeba na ndugu zake, wanawapiga mpaka yeye mwenyewe anapatikana, halafu kipigo kinaanza upya. Baada ya hapo polisi wanatangaza kwamba wanaume watatu wametoroka mahabusu usiku. Sengeni anakataa kuamini, anaanza kuuliza swali moja tu, mume wangu yuko wapi, na swali hilo analibeba na mtoto mkononi na mwingine tumboni mpaka linafika Mahakama Kuu ya Madras.

Ni muvi ya Kihindi?

Sisi huku kila picha yenye asili ya India tunaiita ya Kihindi, ila hii ni ya Kitamil, lugha tofauti kabisa, hata ukoo wa lugha ni mwingine. Wanaotengeneza muvi za Kitamil wako Chennai, mtaa wa Kodambakkam, ndo maana wanaitwa Kollywood. Ukipenda zile muvi za South za ngumi na magari kuruka ujue hii haiko hivyo, hapa mtu akipigwa anaumia kweli.

Ilitoka lini, na imetengenezwa na nani?

Ilitoka tarehe 2 Novemba 2021 moja kwa moja kwenye Prime Video, haikupita majumba ya sinema kwanza. Mwongozaji ni T. J. Gnanavel, ambaye aliwahi kuwa mwandishi wa habari, na hiyo kazi yake ya zamani unaiona kwenye muvi, anapenda nyaraka, tarehe, rejista za kituo, nani alisaini wapi. Waliotoa hela ni kampuni ya 2D Entertainment ya Suriya na mkewe Jyotika. Ina dakika 164. Ipo ya Kitamil yenyewe na zilizodabiwa kwa lugha nyingine za India, mi nakushauri uchukue ya Kitamil na usome maandishi ya chini, ukiangalia ya kudabiwa unakosa sauti ya Sengeni na sauti yake ni nusu ya muvi.

Stelingi ni nani?

Kwenye posta ni Suriya, anacheza wakili anaitwa Chandru. Suriya ni staa mkubwa sana kule, na nampa heshima yake maana alikubali kuingia kwenye muvi yake mwenyewe wakati stori imeshaanza zamani, na hana wimbo wa kukata viuno wala pambano la mtu mmoja na watu ishirini.

Ila ukiniuliza mimi stelingi ni Sengeni. Kachezwa na Lijomol Jose, binti wa jimbo jirani la Kerala, Kitamil siyo lugha yake ya nyumbani, na yeye na K. Manikandan anayecheza Rajakannu walikwenda kukaa na Wairula, jamii ya Rajakannu kwenye muvi, kabla ya kurekodi ili wajifunze namna wanavyochuchumaa, wanavyoshika nyoka, wanavyoongea. Kuna scene moja nimeirudia sijui mara ngapi. Polisi wamemburuza kituoni, kumbe kesi imeshafika mahakamani, simu inatoka juu kwa wakubwa, aachiwe sasa hivi na apelekwe nyumbani na gari. Askari wanabadilika sura palepale. Wanatoka na jeep, wanambembeleza apande. Hapandi. Anatembea na mwanae barabarani, tumbo mbele, jua kali, na jeep ya serikali inamfuata nyuma polepole kama mbwa aliyefukuzwa, watu wanatoka majumbani wanaangalia. Hasemi kitu. Jana wale walikuwa wanamvuta nywele.

Ile scene ya mwanzo pale getini kwa gereza ina maana gani? Sikuielewa

Hii naulizwa sana, na ukiielewa hii muvi nzima umeielewa. Wafungwa wamemaliza vifungo wanatoka. Pale getini kuna ofisa anawauliza mmoja mmoja, wewe kabila gani, yaani tabaka gani la kuzaliwa. Wa tabaka zenye nguvu wanaambiwa haya nenda nyumbani. Wa jamii za chini wanaambiwa simama pembeni. Pembeni hapo wamesimama askari wa vituo mbalimbali ambao wana kesi hazina mwenyewe, wizi huu haujapata mtu, ule haujapata mtu, na wanagawana wale watu kama mtu anavyochagua nyanya sokoni, nipe wawili, mimi nina kesi tatu. Familia zimekuja kupokea ndugu zao zinaona wanapakiwa tena kwenye gari.

Sisi Kiswahili tuna neno lake kabisa, kubambikiwa kesi, sihitaji kukufafanulia. Tofauti ya pale ni kwamba hawabambiki mtu waliyemchukia, hata hawamjui. Wanabambika jamii.

Lakini kwanini jamii hizo ndo zinashukiwa?

Sehemu kubwa ni sheria ya Mwingereza. Mwaka 1871 wakoloni walipitisha sheria ya kuandikisha makabila mazima kuwa ni ya wahalifu wa kuzaliwa, mwaka 1911 ikafika na upande wa Madras. Ukizaliwa humo umeshaandikwa polisi kabla hujajua kutembea, unatakiwa kuripoti, huwezi kwenda kijiji kingine bila ruhusa. Wazee wetu wa Kenya waliotundikiwa kipande shingoni wangelielewa hilo haraka sana. Mwaka 1952 India huru iliwafuta kwenye orodha ile, ila mikoa ikabaki na sheria za wahalifu wa mazoea, na mazoea ya kituo cha polisi hayafutwi na gazeti la serikali. Kesi ikikosa mtu askari anajua pa kwenda, kwa wasiokuwa na mtu wa kuwapigia simu.

Kingine ni karatasi. Angalia jinsi muvi inavyolirudia hili. Yule mwalimu Mythra anawafundisha kusoma jioni, anahangaika wapate kuandikishwa kupiga kura, ofisini wanaambiwa hawana hati ya nyumba, hawana hati ya jamii yao, hawana kadi ya chakula. Hawana karatasi hata moja inayosema wapo. Sasa mtu ambaye hajaandikwa popote, siku akipotea utaenda kuulizia kwenye daftari gani? La polisi tu, na kwenye daftari la polisi imeandikwa ametoroka.

Wairula ni nani? Wapo kweli au ni wa kutunga?

Wapo kweli, na hapa niacheni niongee kidogo maana muvi inaonyesha shida zao tu na ujuzi wao inaugusa kwa mbali. Ni jamii ya Tamil Nadu na majirani zake, wakamataji wa nyoka wa kurithi, mtu anasoma alama kwenye mchanga anakwambia kapita nyoka gani, anaelekea wapi. Zamani waliishi kwa kuuza ngozi za nyoka, biashara hiyo ilipopigwa marufuku miaka ya 70 wakabaki hawana kazi. Mwaka 1978 wakaanzisha ushirika wao karibu na Chennai, wanakamata nyoka wanne hatari zaidi kule akiwemo swila, wanamkamua sumu kwa muda, halafu wanamrudisha porini akiwa hai. Sumu hiyo ndiyo inayokwenda viwandani kutengenezea dawa ya aliyeumwa na nyoka, kwa hiyo kuna mkulima India ambaye yuko hai leo kwa sababu ya mikono ya watu hawa. Wawili wao, Masi Sadaiyan na Vadivel Gopal, mwaka 2017 waliitwa mpaka Florida, Marekani, kusaidia kukamata machatu waliowashinda wenyeji, na mwaka 2023 wakapewa nishani ya Padma Shri na serikali ya India.

Fikiria ujuzi huo halafu rudi kwenye muvi. Rajakannu aliingia nyumba ya tajiri kuokoa watu na nyoka, hakuchukua hata hela, na huko kuingia ndo kukawa ushahidi wa wizi.

Ni kweli hii ilitokea?

Ndiyo. Rajakannu alikuwepo, wa kijiji cha Mudanai, na mkewe halisi anaitwa Parvathi. Alikamatwa Machi 1993 kwa tuhuma ya wizi wa vito akafia mikononi mwa polisi wa kituo cha Kammapuram. Wakili aliyeichukua kesi ni K. Chandru, jina hilo hilo. Polisi waliohusika walikuja kutiwa hatiani, ila hukumu hiyo ilikuja 2006, miaka kumi na tatu baadaye. Kwenye muvi mambo yanakwenda haraka kwa sababu ni muvi, mama yule aliisubiri haki yake mpaka mtoto wa kuzaliwa mwaka ule angekuwa anamaliza shule ya msingi.

Wapi muvi imebadilisha?

Badiliko kubwa ni jamii. Rajakannu halisi hakuwa Mwirula, alikuwa Mkurava, na Wakurava ni miongoni mwa wale hasa walioandikwa kwenye ile sheria ya makabila ya wahalifu. Gnanavel alitaka kuwasemea Wairula pia na nia yake naielewa, ila walioumia na badiliko hilo nao nawaelewa, maana watu walionyimwa jina maisha yao yote wakipata muvi kubwa ya kisa chao wangependa jina lao liwemo. Mimi kwenye hili niko upande wao. Kingine, kazi kubwa ya kumshika mkono Parvathi kijijini ilifanywa na wanachama wa chama cha kikomunisti cha pale pale, kwenye muvi wamepunguzwa na nafasi kubwa kapewa mwalimu Mythra.

Habeas corpus wanayoitaja kila dakika mahakamani ni kitu gani?

Ni ombi la mahakama kumwamuru aliyemshika mtu amlete mbele yake. Uzuri wake ni huu, Sengeni hatakiwi kuthibitisha kwamba mumewe kauawa, hawezi, hakuwepo, hana hela ya mpelelezi. Anachosema ni kimoja tu, mlimchukua nyinyi, mbele ya macho yangu, mleteni. Mzigo unahamia kwa polisi.

Shida ni kwamba polisi wakijibu ametoroka, kwa kawaida ombi linaishia hapo, maana kwenye habeas corpus mahakama huwa haiiti mashahidi kuwahoji. Hapo Chandru anaibuka na kesi ya Kerala, ya mwanafunzi Rajan aliyechukuliwa na polisi Machi 1976 wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa chini ya waziri mkuu wa India Indira Gandhi, hakuonekana tena. Baba yake Eachara Varier, mwalimu wa chuo, alifungua habeas corpus 1977, mahakama ikasikiliza mashahidi, na waziri mkuu wa jimbo K. Karunakaran akaishia kujiuzulu. Kwa mlango huo Chandru anapata ruhusa ya kuwahoji askari mmoja mmoja kizimbani, na hapo ndo uongo unaanza kuvuja. Ile simu inayodaiwa kupigwa na watoro kutoka Kerala inageuka kuwa sauti ya askari aliyeigiza, na maiti isiyo na jina iliyookotwa upande wa Pondicherry inageuka kuwa na jina.

Mnaoniuliza kama huku kwetu ipo, ipo. Katiba ya Kenya ya 2010 imeitaja kabisa kwenye ibara ya 51, na ibara ya 25 inasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa. Ndo ombi lile lile mnalolisikia kwenye habari mtu akichukuliwa na gari lisilo na namba.

Kwanini maiti ilipelekwa Pondicherry?

Kwa sababu Pondicherry ina utawala wake, polisi wake, mafaili yake. Huku kuna mtu katoroka, kule kuna maiti haijulikani, mafaili mawili kwenye kabati za serikali mbili, hakuna mtu wa kuyakutanisha. Hakuna uchawi hapo, ni ujanja wa makarani.

Mbona inaitwa Jai Bhim na humo ndani hakuna mtu anaitwa Bhim?

Ni salamu. Bhim ni Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa 1891 kwenye jamii ya wasioguswa, shuleni alikuwa anakalia gunia lake mwenyewe na maji anamiminiwa kwa mbali asiguse chombo, akaja kuwa mwanasheria na ndiye aliyeongoza kamati iliyoandika katiba ya India. Jai ni kama kusema ushindi, idumu. Wadalit, yaani watu wa jamii hizo za wasioguswa, wakikutana wanasalimiana hivyo. Kwa hiyo jina linasema kilichomsaidia Sengeni ni katiba, na linataja nani aliongoza kuiandika.

Kelele za kofi na kalenda zilikuwa za nini?

Kofi ni la Prakash Raj, anacheza ofisa mkubwa wa polisi, anamzaba mtu anayemjibu kwa Kihindi ili akwepe swali na anamwambia aongee Kitamil. Wahindi wa kaskazini wengine walikasirika, wakaona lugha yao imetukanwa. Ukijua namna Watamil walivyopigania lugha yao isimezwe utaelewa kwanini wao walipiga makofi, ila mi kofi lile silipendi, muvi inayokemea vipigo vya polisi haikulihitaji.

Kalenda ni jambo zito zaidi. Nyumbani kwa yule askari katili ukutani kulionekana kalenda yenye alama ya chama cha Wavanniyar, jamii kubwa na yenye nguvu maeneo yale, wakati askari wa kwenye kisa halisi hakuwa wa jamii yao. Wakaja juu, wakatuma notisi ya kudai rupia milioni hamsini, Suriya akawekewa ulinzi wa polisi nyumbani. Picha ile ikabadilishwa na Gnanavel akatoa taarifa ya kusikitika. Mimi naona walipaswa kuwa makini tangu mwanzo, ila pia inauma kwamba mjadala mkubwa uliofuata ukawa wa kalenda, na Parvathi akasahaulika kwa wiki nzima.

Huyo Chandru halisi yuko vipi?

Kesi za haki za binadamu alikuwa hachukui hela, hilo muvi haijaongeza chumvi. Mwaka 2006 akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Madras mpaka alipostaafu 2013, na inaelezwa alimaliza mafaili kama 96,000 kwa muda huo, aliwaomba mawakili waache kumwita bwana mkubwa, akakataa na taa nyekundu ya wakubwa juu ya gari.

Parvathi alipata chochote kwenye muvi?

Baada ya muvi kutoka watu wakamkuta bado anaishi kwenye hali duni. Suriya akamuwekea benki laki 10, na hii laki ni ile ile yetu, neno letu lilitoka huko huko, kwa hiyo ni rupia milioni moja. Kabla ya hapo yeye na Jyotika walishatoa milioni 10 kwa mfuko wa kusomesha watoto wa Kiirula.

Mambo haya si yalikuwa ya zamani?

Disemba 1996 Mahakama ya Juu ya India, kwenye kesi ya D. K. Basu, ilitoa masharti ya kukamata mtu, askari avae jina lake, kuwe na hati ya kukamatwa yenye muda na shahidi, ndugu ajulishwe, daktari ampime aliyeshikwa. Ukisoma masharti yale unaona ni kama yaliandikwa kwa ajili ya Rajakannu, kila kimoja ndicho alichonyimwa. Halafu Juni 2020, Sathankulam, Tamil Nadu hiyo hiyo, mzee Jayaraj na mwanae Bennix walikamatwa kwa sababu ya duka la simu kudaiwa limefunguliwa kupita muda ulioruhusiwa wakati wa korona, ndani ya siku chache wote wawili walikuwa wamekufa. Muvi ilipotoka hata mwaka na nusu haujapita. Watu waliiangalia wakijua.

Naweza kuangalia na watoto?

Wadogo hapana. Vipigo vya mahabusu ni virefu na kamera haigeuki pembeni, kuna na udhalilishaji wa wanawake. Hata mtu mzima kama ana kidonda cha namna hiyo nyumbani kwao ajipime kwanza, asiangalie peke yake usiku.

Ile ya mwisho ya mtoto na gazeti, kwanini watu wanalia pale?

Kesi imeisha. Chandru kakaa anasoma gazeti, mguu juu ya mguu. Alli, binti mdogo wa Rajakannu, anachukua gazeti lake, anapanda kwenye kiti. Anamtazama Chandru, na yeye anainua mguu wake ili aukunje juu ya mwingine, halafu anasita, anaushusha kidogo, anamwangalia usoni. Huko kwao mtu wa jamii yake kukaa mguu juu mbele ya mkubwa ni kosa la kupigwa. Chandru anatikisa kichwa taratibu, kaa tu. Mtoto anaupandisha mguu, anakunjua gazeti lote mbele ya uso wake, anaanza kusoma.